Mashua inayojaa maji usiku wa mvua: ni mvua au ni kalafati?

Swali: Asalaam aleikum, fundi. Nina mashua ya mbao yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2, ina tanga na mashine ya hosipawa 15, na huitia nanga hapa Wete, Pemba. Wakati wa kaskazi hainisumbui. Nafua (natoa maji) ndoo mbili asubuhi, basi. Lakini masika yakianza kila asubuhi naikuta imeinama tezi (upande wa nyuma), maji yamefika kwenye viti. Fundi mmoja ananiambia kalafati (pamba inayozibia maungio ya mbao) imekufa, mwingine anasema ni mvua tu na ninunue pampu. Niliwahi kuifunika kwa turubai, lakini turubai lilijaa maji likapasuka. Nifanye nini kabla mvua hazijakolea?

Jibu: Waalaikumu salaam. Kwa maelezo uliyonipa, nadhani mafundi wako wote wawili wamepatia, ila kila mmoja ameona nusu ya tatizo. Mvua ndiyo inayoanza na bahari ndiyo inayomalizia, na mpaka uelewe jinsi mambo hayo mawili yanavyoshikana, utanunua pampu, utanunua turubai, na mwakani utaniandikia tena.

Tuanze na hesabu, maana ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye eneo la mita 1 ya mraba huacha lita 1 ya maji, na lita 1 ina uzito wa kilo 1. Mashua ya ukubwa wa yako, ukiondoa pale inapochongoka omo (mbele) na kupungua tezi, ina uwazi wa kama mita 9 za mraba. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Pemba si jambo la kushangaza, utaingiza lita 450, yaani ndoo 22 na nusu za lita 20. Mvua ikifika milimita 100 ni lita 900. Ni sawa na kupakia watu wazima 12 usiku, bila nahodha kuulizwa.

Uzito huo unakishusha chombo, na hapa ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Eneo ambalo mashua yako inalikalia juu ya uso wa bahari linakaribiana na lile la uwazi unaopokea mvua, kwa hiyo kila milimita 1 ya mvua isiyofuliwa huishusha mashua kwa takriban milimita 1. Mvua ya milimita 100 huizamisha kwa sentimita 10 hivi chini ya pale ilipozoea kukaa. Sasa tazama ubavu wa mashua yako hapo juu ya mstari wa maji. Mbao zile zimekaa katika jua la kaskazi tangu Desemba, zimekauka na kusinyaa, na kalafati iliyo baina yake imelegea, ila hujaiona inavuja kwa sababu haijagusana na bahari. Mvua ikishusha chombo sentimita chache tu, maungio hayo makavu yanaingia majini na bahari inaanza kupenya. Maji ya bahari yanaongeza uzito, chombo kinashuka zaidi, maungio mengine yanazama, na kufikia alfajiri unakuta maji yamefika kwenye viti. Ukiyafua yote, mashua inapanda, maungio yanatoka majini, uvujaji unakoma, nawe unaamini kwamba ilikuwa mvua peke yake.

Usinikubalie kwa maneno tu, upime. Chagua usiku unaotazamiwa mvua ya wastani, si ya kutisha, na uiache mashua wazi bila turubai. Weka juu ya kiti kopo lenye ubavu ulionyooka, kama kopo la maziwa ya unga. Usitumie ndoo, kwa kuwa ndoo hupanuka juu na itakudanganya. Lifunge lisianguke. Asubuhi pima kwa rula kina cha maji yaliyomo ndani ya kopo, kisha ufue ngama, yaani pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, ukihesabu ndoo. Kopo likionyesha milimita 30, mvua imekuletea lita 270, yaani ndoo 13 na nusu. Ukihesabu ndoo 14 au 15, fundi wa pampu ameshinda. Ukihesabu 25, basi ndoo 11 na nusu zimetoka baharini, na hakuna turubai litakalozizuia. Kabla ya kuanza kufua, chovya kidole kwenye maji ya ngama na uonje, ikiwa hayana harufu ya petroli: ya mvua hayana ladha, ya bahari unayajua, na yenye chumvi ya mbali ni mchanganyiko. Fanya hesabu hiyo hiyo katika usiku mmoja usio na mvua. Chombo cha mbao kinachoingiza ndoo moja au mbili kwa usiku hakinitishi. Kinachonitisha ni kile ambacho wiki jana kilikuwa na mbili na wiki hii kina tano.

Ikithibitika kwamba uvujaji upo, dawa yake ni kukalafati upya kuanzia kwenye mstari wa maji kwenda juu, upana wa shubiri moja angalau, na kazi hiyo ifanywe sasa wakati mbao bado ni kavu. Watu wengi hukalafati chini tu, ambako mbao zimelowa mwaka mzima, zimevimba na kujifunga zenyewe, wakauacha ukanda wa juu ambao ndio mgonjwa. Ondoa kalafati ya zamani kwa ncha ya chuma mpaka mbao safi zionekane, sokota pamba iliyolowekwa katika mafuta, kisha uishindilie kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Usiikaze kama mtu anayeziba tundu la panya. Mbao hizo zitavimba zikilowa, na zikikuta pamba imejaa kupita kiasi zitasukumana, na msukumo huo una nguvu ya kung'oa misumari kwenye mataruma (mbavu za chombo). Mlio wa nyundo unakuambia: pamba iliyokaa sawasawa hutoa sauti kavu, ya kubana, na mkono unahisi patasi inarudishwa, ikiwa sauti ni bubu, bado kuna uwazi nyuma.

Juu yake paka sifa (mafuta ya samaki ya kupakia vyombo) au mafuta ya papa mara mbili au tatu, ukiacha yanyonywe. Chini ya maji endelea na shahamu na chokaa kama kawaida yenu. Nakuomba usitumie oili chafu ya mashine, ingawa ni ya bure: haikauki, inachafua maji ya hori, na siku utakapotaka kupaka rangi au kuziba ufa hakuna kitakachoshika juu yake. Vilevile usikubali fundi akuzibie maungio kwa silikoni au gundi ngumu. Silikoni haishiki kwenye mbao zenye unyevu na mafuta, na gundi ngumu haibonyei, kwa hiyo mbao zikivimba zinajiponda zenyewe pembezoni mwa ufa na mwakani ufa umekuwa mpana zaidi. Wako pia wanaomwaga saruji ndani, chini ya mataruma. Saruji hiyo huziba kweli kwa msimu mmoja, lakini maji yanayopenya chini yake hayaoni njia ya kutoka, misumari inakula kutu gizani, na siku ukija kuivunja unaikuta mbao laini kama mkate uliolowa.

Unaposhughulika na ubavu, tazama vichwa vya misumari. Doa jeusi linalozunguka kichwa cha msumari na kutiririka chini ni kutu, na kutu haiishii kwenye chuma, bali huozesha mbao iliyouzunguka hadi tundu linapanuka. Msumari wa namna hiyo ung'olewe, tundu lisafishwe, upigwe mwingine mnene kidogo, na chini ya kichwa chake uzungushiwe uzi wa pamba yenye mafuta kama walivyofanya mafundi tangu zamani.

Baada ya kukalafati, jioni za kiangazi mwagia ubavu ndoo kadhaa za maji ya bahari, nje na ndani. Wazee hufanya hivyo na vijana huwacheka, lakini sababu zake ni mbili na zote ni za kweli. Ya kwanza ni kwamba mbao zisizokauka hazisinyai. Ya pili inahusu kuoza: ukungu unaoozesha mbao hustawi kwenye unyevu wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na chumvi huuzuia. Ndiyo maana mashua huoza kuanzia juu, kwenye ukingo, sitaha ya omo na vichwa vya mataruma ambako maji ya mvua hutuama, wakati mkuku (uti wa chini wa chombo) ambao haujawahi kukauka ungali mzima.

Hapo tunafika kwenye turubai. Lako lilipasuka kwa sababu ulilitandika kama shuka, likafanya bonde, na bonde la mita 2 za mraba lenye kina cha sentimita 10 hubeba kilo 200. Turubai la mashua ni paa, na paa linataka mgongo. Wewe una foromali, ule mti unaoshikilia tanga. Uteremshe, uulaze kutoka omo hadi tezi juu ya nguzo mbili zenye panda juu, angalau nusu mita juu ya ukingo, uufunge imara, kisha ulitandaze turubai juu yake. Pande zake zishuke mpaka nje ya ukingo, shubiri moja chini yake, ili maji yadondokee baharini na si ndani. Usilifunge kwa kamba tupu. Fungia kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, ambavyo hunyumbuka upepo unapopiga, maana kamba isiyonyumbuka hung'oa tundu za turubai katika dhoruba ya kwanza. Omo na tezi uache wazi kiasi cha kupitisha kichwa chako, upepo uingie huku na kutokea kule.

Hilo la upepo nililijifunza kwa hasara. Zamani kidogo nilifunika mashua yangu masika mazima, nikaibana kila upande, nikajisifu kwamba hata tone halikuingia. Nilipolifunua turubai mwezi wa Juni, ukungu mweupe ulikuwa umetanda kama unga chini ya viti, na vichwa vya mataruma manne upande wa kushoto vilibonyea kwa kidole gumba. Hakuna mvua iliyoingia. Jasho la mashua yenyewe, lililokosa pa kwenda, lilitosha. Tangu hapo ninapendelea mashua inayoingiza nusu ndoo na kupumua kuliko ile kavu iliyofungwa kama mtungi.

Kuna njia tatu ambazo maji hupita hata turubai likiwa zuri. Mlingoti ni wa kwanza: mvua inayoupiga huteremka kama kwenye mfereji hadi kwenye ngama. Zungushia kamba nyembamba mara tatu au nne juu kidogo ya turubai, uipake shahamu, na maji yatakatizwa hapo na kudondokea juu ya turubai. Ya pili ni kamba ya nanga ikiingia ndani kutoka juu. Ipitishe chini ya turubai, na iwe na mlegeo kidogo kabla ya kufika ukingoni ili maji yadondoke kwenye mlegeo huo. Ya tatu ni mapengo ya turubai lenyewe pale lilipokwaruzwa na foromali, ambayo huyaoni mpaka usimame chini yake mchana na kutazama nuru.

Jambo dogo lenye faida kubwa: vijitundu vilivyo chini ya mataruma, ambavyo maji hupitia kutoka omo kwenda tezi. Katika mashua ya uvuvi huziba kwa magamba ya samaki, mchanga na makumbi ya nazi. Vikiziba, maji ya mvua yanagawanyika katika vidimbwi kumi, pampu inafikia kimoja tu, na vilivyobaki vinaozesha mbao huku mbu wakizaliana humo kwa raha, kwa kuwa ni maji baridi. Pitisha kamba nyembamba katika vijitundu vyote kutoka omo hadi tezi na uiache humo. Kila unapofua, ivute mbele na nyuma mara chache.

Kwamba mashua yako huinama tezi si bahati mbaya. Mashine ya hosipawa 15 na tangi la petroli viko huko, kwa hiyo maji yote yanakimbilia huko, tezi inashuka, na mwishowe wimbi dogo tu la chombo kinachopita linaruka ukingo. Vyombo vingi vinavyozama vikiwa vimetia nanga huzama hivyo, kwa nyuma na kimyakimya. Katika miezi ya mvua vua mashine uende nayo nyumbani pamoja na tangi. Ni kazi ya watu wawili, naijua, lakini unaipunguzia tezi mzigo wa makumi ya kilo, na usingizi wako unakuwa mtamu kwa sababu ya wezi pia.

Hujaniambia kama mahali unapotia nanga mashua huelea muda wote, au maji yakipwa hukaa matopeni. Ikiwa hukaa chini, kuna hatari ambayo watu huisahau. Mashua iliyopwelewa hulala ubavu mmoja, mvua inakusanyika upande ulioinama, na maji ya bahari yanaporudi ubavu ule mzito hauinuki kwa wakati. Katika bamvua (siku za maji makubwa), ambapo kwenye visiwa vyetu maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, bahari hupanda haraka na kumwagika juu ya ukingo kabla mashua haijaelea. Ikae wima: weka magongo mawili ya kuitegemeza, moja kila upande, na inapokuwa juu ya ardhi chomoa nguruzi (kizibo cha tundu la chini ya chombo) maji yote yatoke yenyewe bila jasho lako. Kisha nguruzi hiyo ifunge kwa uzi kwenye kiti utakachokalia, si mfukoni mwako. Mimi niliwahi kuiweka mfukoni, nikaenda kunywa kahawa, maji yakajaa, na nilichokikuta ni mlingoti.

Sasa pampu. Sikukatazi; nakuambia iwe ya mwisho. Pampu ndogo ya volti 12 yenye boya la kujiwasha ina uwezo ulioandikwa kwenye kasha, na uwezo huo umepimwa bila mpira mrefu na bila kupandisha maji juu. Wewe kadiria nusu yake. Iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa itakutolea kama lita 900, kwa hiyo maji ya mvua ya milimita 50 itayamaliza katika nusu saa, na ikiwa inakula ampea 3 itakuwa imetumia ampea-saa 1.5 tu. Betri ya ampea-saa 70 inaibeba kazi hiyo kwa siku nyingi bila kuona tabu. Hilo linasikika vizuri, na ndipo ubaya ulipo: pampu itatoa maji ya mvua na ya bahari bila kukuambia ni yapi, uvujaji utakua mwezi mzima huku wewe ukiikuta ngama kavu, mpaka lije wingu la wiki nzima, sola isichaji, betri ife usiku wa manane na chombo kikutane na bahari peke yake. Ukiifunga, ziba uvujaji kwanza. Mdomo wa mpira wa kutolea maji uwe juu kabisa karibu na ukingo, si sentimita chache juu ya mstari wa maji, kwa sababu chombo kikishuka mdomo huo unazama na maji yanarudi ndani kupitia mpira ule ule. Upo (kata ya kufulia maji) na ndoo visiondoke chomboni kwa kuwa umenunua pampu.

Wenye boti za faiba wanaosoma hapa wasidhani hayawahusu: faiba haisinyai, lakini hesabu ya mvua ni ile ile, na tundu za skrubu zilizotobolewa kwenye ubao wa mashine zikiachwa bila kuzibwa huingiza maji katika mbao zilizofichwa ndani ya faiba, ambako huoza bila kuonekana.

Likitoka onyo la dhoruba kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, sahau yote niliyosema juu ya turubai. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, ilikuwa ni masika, mvua na upepo kwa pamoja, na katika hali kama hiyo turubai hugeuka tanga na kuburuta nanga. Ivute mashua ufukweni kwa magogo, ipite alama ya maji ya bamvua, chomoa nguruzi, teremsha kila kilicho juu na uifunge kwenye mti.

Kwa sasa kafanye kipimo cha kopo katika usiku mmoja wa mvua na mmoja usio na mvua, na kabla ya hapo piga mstari wa chokaa ubavuni pale maji yanapofika mashua ikiwa tupu. Niandikie milimita za kopo, idadi ya ndoo, na chombo kilishuka sentimita ngapi chini ya mstari ule, nami nitakuambia uanze kukalafati ubao wa ngapi.